Kakakuona Kwenye Boksi

Kosa la kwanza ambalo Nikodemu Haule alilisahihisha katika kiwanda cha Liang lilikuwa la springi.

Hakuwa ameitwa huko. Alikuwa Xintang, mji wa viwanda kando ya Guangzhou, China, akimtafsiria mnunuzi wa jinzi kutoka Mbeya, na wakati mnunuzi anabishania zipu ghorofa ya pili, Nikodemu alipanda lifti ya mizigo akitafuta choo. Lifti ikamtema ghorofa ya nne. Hapakuwa na jinzi. Palikuwa na meza ndefu, taa nyeupe, na wanawake saba wakipanga vipande vya plastiki ndani ya maboksi. Kwenye meza ya mwisho msichana mwenye miwani alikuwa akichora lori kwenye kompyuta.

Nikodemu akasimama nyuma yake. Lori lile alilijua kuliko alivyowajua baadhi ya binamu zake. Mwaka 1940 Waingereza walikuwa wakingoja Wajerumani wavuke bahari, na silaha zao nyingi zilikuwa zimebaki Ufaransa. Wakageuza malori ya kawaida kuwa magari ya vita. Mengine waliyajengea vibanda vya zege. Mengine waliyawekea sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati ya kuta wakajaza changarawe ya kuzuia risasi, ndani wakamweka askari na rashasha, wakayapeleka kulinda viwanja vya ndege. Haya ya changarawe waliyaita Armadillo.

"Hili lori limebeba nini?" Nikodemu aliuliza kwa Kichina.

Msichana aligeuka. "Changarawe."

"Nyingi?"

"Tani kadhaa."

"Basi mbona limesimama kama halijala tangu jana?"

Mtu mfupi wa miaka sitini hivi alitoka nyuma ya rafu na chupa ya chai mkononi. Huyo ndiye aliyekuwa Liang, mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Laoban, bosi. "Pengyou," alisema, yaani rafiki, "jinzi ziko chini."

"Najua jinzi ziko wapi. Springi zako bado zimejikunja kama upinde. Lori lililobeba mawe springi zake zinalala, matairi ya nyuma yanatoa tumbo, na mkia unashuka. Hili lenu linatoka kununuliwa dukani."

Alichukua penseli ya yule msichana bila kuomba, akachora juu ya kifuniko cha boksi. Alichora kitako cha lori, springi zikiwa zimelala karibu kunyooka chini ya mzigo, tairi likikaribia kugusa bodi. Kisha akachora mbao za sanduku, na kwenye kila ubao akaweka bolti.

"Nyinyi mmeweka misumari," alisema. "Changarawe inasukuma nje muda wote. Mbao za misumari zingefumuka kwenye mlima wa kwanza."

"Wewe ni mhandisi?" Liang aliuliza.

"Baba yangu ni fundi bodi. Makambako. Ametengeneza bodi za mbao za malori miaka thelathini."

Liang hakujua Makambako iko wapi. Lakini alikuwa ameuza magari madogo ya plastiki kwa miaka ishirini, na alijua mchoro mzuri akiuona. Alikitazama kile kifuniko hadi chai yake ikapoa.

"Umeona wapi lori hili?"

"Ninalo nyumbani," alisema Nikodemu.

Ilikuwa kweli. Chumba chake kilikuwa Kangle, mtaa wa vitambaa na ushonaji mjini Guangzhou, juu ya karakana ya kushona mashati, ambako cherehani zilitetemesha sakafu tangu asubuhi. Humo ndani alikuwa ameunda Armadillo kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Aliunda asubuhi kabla ya wanunuzi kuamka, kwa miezi minane. Mbao alizikata kwa wembe kutoka karatasi za plastiki, kila moja akaikwaruza mistari ya nyuzi za mti. Changarawe ilikuwa mchanga wa eneo la ujenzi mtaa wa pili, alioupitisha kwenye machujio mawili ya chai, la pili likiwa la matundu madogo zaidi: kilichobaki juu kilikuwa kikubwa mno, kilichopita mara ya pili kilikuwa vumbi, cha katikati ndicho alichokitaka. Karakana ya chini ilipowasha mashine zote kwa pamoja, mchanga ule ulijishindilia wenyewe kati ya kuta mbili, kama ambavyo ungefanya barabarani.

Alirudi Xintang keshokutwa yake na lori limefungwa kwenye taulo. Liang aliliweka chini ya lenzi. Wale wanawake saba wakasimamisha kazi. Msichana mwenye miwani, ambaye jina lake lilikuwa Huizhen, alichungulia chini ya lori kwa tochi ya simu, akatazama springi, kisha akarudi kwenye kompyuta na kufuta kazi yake ya wiki mbili.

"Nina mteja Uingereza," alisema Liang. "Anataka maboksi elfu mbili. Nikitumia lori lako kama kielelezo, unataka nini?"

"Jina langu kwenye boksi."

"Na kingine?"

"Jina langu kwenye boksi."

Liang alifikiri hajasikia vizuri. Alikuwa amejiandaa kubishana juu ya kitu kingine kabisa.

Katika Guangzhou nzima Nikodemu hakuwa na jina. Kangle walimwita pengyou. Xintang walimwita pengyou. Wanunuzi wa nyumbani walimwita Dogo, hata wale aliowazidi umri, kwa sababu mtu anayekubebea begi na kukutafsiria bei ni Dogo. Mizigo aliyoihangaikia kwa miaka sita ilifika Kariakoo ikiwa na majina ya watu wengine. Alikuwa na miaka thelathini kasoro mmoja, na kitu pekee kilichoandikwa jina lake lilikuwa pasipoti.

"Sikiliza," alisema Liang. "Jina kwenye boksi ni muhuri. Wateja wangu ni watu wazima wanaohesabu bolti. Wakikuta kosa wanaandika barua. Likiwa kosa la mashine, ni langu. Likiwa la kwako, jina linatoka."

"Hakutakuwa na kosa langu."

"Kila mtu ana kosa."

"Basi utaniandikia barua," alisema Nikodemu.

Kwa miezi mitatu iliyofuata alisahihisha kila kitu. Alisahihisha rangi ya turubai, urefu wa kishikio cha mlango, na upana wa ubao kwa nusu milimita. Aliwasahihisha wanawake wa kupanga jinsi ya kukunja karatasi ya maelekezo. Alimsahihisha mwenye kalibu za kumiminia plastiki, ambaye alikuwa amechonga kalibu kabla Nikodemu hajazaliwa, na akawa sahihi, jambo ambalo yule mzee hakumsamehe. Huizhen ndiye aliyesahihishwa zaidi, kwa kuwa kila sahihisho lilipitia kompyuta yake.

"Umemaliza?" alikuwa akimuuliza.

"Bado."

"Kuna siku utamaliza?"

"Mkimaliza kukosea."

Huizhen alikuwa ametoka meza ya kupanga miaka miwili nyuma. Alijifunza kuchora mwenyewe, kwenye simu, wakati wa mapumziko ya chakula. Alifanya kazi kwa sehemu ya kumi ya milimita, na kitu alichokipima hakuna aliyekipima tena. Kwa hiyo Nikodemu alipomwambia amekosea hakubisha. Alipima, na kama kweli amekosea alirekebisha, na kama hakukosea alimgeuzia kompyuta ili aone. Hilo lilitokea mara mbili. Nikodemu aliikumbuka idadi hiyo.

Lililobaki lilikuwa boksi. Ubavu mmoja ulihitaji kichwa cha habari na aya moja kwa Kichina na Kiingereza: gari hili ni nini, na kwa nini linaitwa hivi. Siku hiyo Nikodemu alikuwa Pazhou, kwenye kumbi za maonyesho, akiwatembeza wanunuzi watatu wa vyombo vya umeme. Ukumbi ulikuwa na kelele. Huizhen akapiga simu.

"Armadillo ni mnyama gani?"

"Chuanshanjia," alisema Nikodemu bila kusimama.

Hilo ndilo lilikuwa kosa, ingawa siku hiyo hakuna aliyeliona. Kidato cha pili mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewaeleza kwamba armadillo ni mnyama mwenye magamba anayejikunja akiogopa. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: kakakuona. Mwalimu hakukataa. Na kakakuona kwa Kichina Nikodemu alimjua tangu siku aliyotua Guangzhou, kwa sababu picha yake ilikuwa kwenye bango la forodha, katikati ya pembe ya ndovu na ngozi ya chui, na jina lake limeandikwa chini: chuanshanjia.

"Una uhakika?" aliuliza Huizhen.

"Huizhen. Mimi nimekua naye."

Na kwa kuwa alikua naye, akamweleza. Kwao, kakakuona haonekani ovyo. Akionekana, watu wanambeba kwa heshima mpaka kwa wakubwa wa wilaya. Wanamwekea mbele yake vitu: bakuli la maji, mahindi, silaha. Kisha wanangoja. Akiyaendea maji, mvua ya mwaka huo ni nzuri. Akiyaendea mahindi, kuna chakula. Akiiendea silaha, watu wanarudi nyumbani kimya.

"Sasa fikiria Waingereza mwaka 1940," alisema Nikodemu. Wanunuzi wake walikuwa wamemwacha hatua ishirini. "Hawajui adui anakuja au haji. Wanaangalia bahari. Wanaliita lori lao kwa jina la mnyama anayeulizwa habari za mwaka. Umeelewa? Andika hivyo."

Huizhen aliandika hivyo. Kisha akachora kakakuona aliyesimama juu ya boneti ya lori, mbele yake bakuli la maji na rashasha, kichwa kimeinama kama anayechagua. Gamba moja moja. Hata yule mzee wa kalibu alikuja kutazama. Chini ya aya, kwenye mstari wa peke yake, aliandika: Utafiti na kielelezo, Nikodemu Haule.

Boksi la kwanza lilipotoka kwa mchapaji, Nikodemu alipewa moja. Alishuka nalo Kangle, akamkuta Bimdogo amekaa kwenye stuli ya plastiki nje ya duka la vitambaa, akingoja marobota yake yafungwe. Bimdogo alikuwa mfanyabiashara wa Unguja, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyekuja Guangzhou mara nyingi kuliko alivyokwenda Dar.

"Shikamoo, Bimdogo."

"Marahaba, kijana wa bara. Umebeba nini, keki?"

Alimpa boksi. Bimdogo alivaa miwani, akaligeuza pande zote sita.

"Lori la mbao," alisema.

"La vita."

"Na watu wazima wa Uingereza watalichezea hili?"

"Hawachezi. Wanaunda."

"Haya, wanaunda. Wakishaunda?"

"Wanaliweka kabatini."

"Ewaa. Sasa nimeelewa kwa nini walituachia visiwa vyetu." Alisogeza boksi karibu na pua. "Ndo jina lako hili? Mbona limefichwa huku chini kama la mwenye deni?"

"Ndipo majina yanapokaa."

"Hongera lakini. Haule. Limekaa vizuri." Kisha akagonga ubavu wa boksi kwa ukucha. "Na huyu kakakuona mmemtia wa nini? Hebu nisikize. Usije ukalitia boksi hili kwenye marobota yangu. Mtu wa forodha akilisoma neno hili, mie naozea ndani kwa mnyama wa karatasi."

"Ndiye jina la lori. Armadillo."

"Armadillo?" Bimdogo alivua miwani. "Mjukuu wangu Najat ana kitabu cha wanyama, kila nikienda kwao lazima nimsomee. Armadillo wa Najat ana masikio marefu kama punda. Tena wa huko Amerika."

"Kitabu cha watoto hicho, Bimdogo."

"Cha watoto, ndiyo. Na lori lako la nani?"

Nikodemu alicheka, akachukua boksi lake, akapanda chumbani. Hakuangalia kwenye simu. Ingemchukua nusu dakika.

Barua ya mteja wa Uingereza, aliyekuwa ametumiwa boksi la mfano, ilifika Jumatatu. Ilikuwa ya adabu. Alisema lori ni zuri kupita alivyotarajia, na kwamba hajawahi kuona springi zilizokaa vile kwenye boksi la bei hiyo. Alisema pia kwamba mchoro wa ubavuni ni mzuri sana, lakini mnyama aliye juu ya boneti si armadillo. Armadillo ni mnyama wa nchi za Amerika. Huyu wa kwenye boksi ni wa Afrika na Asia, jamii nyingine kabisa, na hana uhusiano wowote na gari. Mwishoni aliuliza, bila kejeli inayoonekana, kama aya ile iliandikwa na mtu yule yule aliyeunda lori.

Liang aliwaita wawili mezani kwake. Barua ilikuwa kwenye kompyuta, imetafsiriwa. Maboksi elfu mbili yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari.

"Nani alisema chuanshanjia?"

Yalikuwa maneno ya simu tu. Hakuna kilichoandikwa, hakuna sauti iliyohifadhiwa. Nikodemu alikuwa ameshasoma barua mara tatu na masikio yake yalikuwa ya moto. Huizhen alikuwa akitazama vidole vyake.

"Inawezekana mimi nilisikia vibaya," alisema Huizhen. "Alikuwa Pazhou. Kulikuwa na kelele. Na toni zake... mgeni akizungumza haraka, toni zinapotea. Huenda alisema neno jingine."

Liang aliitikia kwa kichwa taratibu. Hilo lilikuwa jambo linaloeleweka. Wageni hupoteza toni, ile sauti ya kupanda na kushuka inayobadili maana ya neno, kila mtu Guangzhou anajua; mtu anaomba chumvi analetewa baiskeli.

"Basi ni kosa la ofisi," alisema Liang. "Ulipaswa kuhakikisha. Tutaweka stika juu ya picha na juu ya maneno. Jina lake linabaki. Wewe utarudi meza ya kupanga mpaka mwaka mpya, nitafute mtu mwingine wa kuchora."

"Sawa, Laoban."

Mambo yalikuwa yamekwisha. Nikodemu hakutakiwa kufanya lolote ila kukaa kimya, kazi ambayo watu wengi huifanya bila kujifunza. Jina lilikuwa limebaki.

Ingependeza kusema kwamba alimfikiria Huizhen, miaka yake miwili na mapumziko ya chakula aliyojifunzia. Alimfikiria, lakini baadaye. Kilichomchoma kwanza kilikuwa zile toni. Miaka sita alikuwa amesimama mbele ya kioo cha chumba cha Kangle akipandisha na kushusha sauti mpaka cherehani za chini zikanyamaza kumsikiliza, na sasa mtu anasema mbele ya watu kwamba anaongea kama mtalii.

"Toni zangu hazina kasoro," alisema.

Liang alimtazama.

"Chuan, ya juu, imenyooka. Shan, ya juu, imenyooka. Jia, inazama halafu inapanda. Chuanshanjia." Alilitamka polepole, na wanawake wa kupanga waligeuka, kwa sababu lilitamkwa vizuri kweli. "Nilitamka sawasawa. Yeye alisikia sawasawa. Tena akaniuliza kama nina uhakika. Aliyekosea mnyama ni mimi."

"Umekosea mnyama," alirudia Liang.

"Kwa lugha yetu nilidhani ni mmoja. Kwetu yule mwingine hayupo, kwa hiyo hana jina, tukampa la huyu."

"Na habari za maji na mahindi?"

"Ni za kweli. Ni za kwetu."

"Waingereza wanazijua?"

"Hapana."

"Kwa hiyo uliwasingizia."

"Niliwasingizia," alisema Nikodemu.

Huizhen alikuwa ameacha kutazama vidole. Alikuwa akimtazama yeye, kama mtu anayetazama mwenzake akishuka basi kituo kimoja kabla.

Liang alikunywa chai. Hakuonekana amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuambia mwanzo," alisema. "Huizhen, utabaki kwenye kompyuta. Andika aya mpya, fupi, mnyama sahihi. Pima stika. Ifunike kichwa cha habari, maneno, na jina. Vyote."

"Vyote," alisema Huizhen.

"Stika zikifika nitazibandika mwenyewe," alisema Nikodemu.

"Ni maboksi elfu mbili."

"Najua hesabu yake."

Siku mbili zilizofuata alikuwa Xintang ile ile, ghorofa za chini, akimsaidia mama mmoja wa Moshi kukataa jinzi zilizofifia. Alikataa kwa ukali kuliko ilivyohitajika. Mama yule alimwambia, "Dogo, hawa si maadui zetu," na Nikodemu akasema samahani, neno ambalo yeye mwenyewe alishangaa kulisikia. Kwenye lifti alitafuta armadillo kwenye simu. Alikuwa na masikio marefu. Kwa Kichina aliitwa qiuyu, neno ambalo Liang, mwenye miaka sitini ya Kichina, alilazimika kulitafuta pia.

Stika zilifika Alhamisi asubuhi, katoni mbili. Za picha zilikuwa na armadillo mpya wa Huizhen, mdogo, masikio juu, amesimama chini pembeni mwa tairi bila kuulizwa kitu. Za maneno zilikuwa na mistari mitano: lori, mwaka, mbao, changarawe, na kwamba jina lilitoka kwa mnyama wa Amerika mwenye deraya mgongoni. Hakukuwa na neno la kukosoa. Nikodemu aliisoma mara mbili akitafuta.

Alichukua boksi la kwanza, akabandika mnyama juu ya mnyama. Kisha akachukua stika ya maneno, akailinganisha na ukingo wa juu wa kichwa cha habari, kisha akaishusha mpaka chini. Akaipandisha tena.

"Imepungua," alisema.

Huizhen alikuwa kwenye kompyuta, mgongo kwake. "Imepungua nini?"

"Mstari mmoja. Ikifunika kichwa cha habari, haifiki kwenye jina."

"Nilipima vibaya."

"Wewe hupimi vibaya."

Huizhen alizungusha kiti. "Wewe una toni nzuri," alisema. "Mimi nimepima vibaya. Bandika."

Mmoja wa wanawake wa kupanga alikohoa. Wengine waliendelea kukunja karatasi za maelekezo, kwa njia ile ile aliyowafundisha, na hakuna aliyeinua kichwa.

Nikodemu hakubandika. Alikaa na stika imenata kwenye ncha za vidole vyake. Katika miezi mitatu alikuwa amesimamisha kiwanda hiki kwa nusu milimita ya ubao. Hili lilikuwa kosa linaloonekana kwa macho, limefanywa na mtu asiyekosea, na mtu huyo alikuwa amelikiri. Maneno mapya hayakuwa yake. Jina likibaki, litakaa chini ya aya ya Huizhen kuhusu mnyama ambaye yeye hajawahi kumwona. Alilipima hilo pia.

Liang aliingia na chupa ya chai. Akaja moja kwa moja kwenye meza, akaliona boksi, akaichukua stika kutoka vidoleni mwa Nikodemu na kuiweka mwenyewe juu ya ubavu, bila kuibandika. Alisoma mistari mitano. Kisha akasoma wa sita, uliobaki nje.

"Nilisema vyote."

"Nilipima vibaya, Laoban," alisema Huizhen.

Liang alimtazama. Alimtazama kwa muda, kama alivyotazama kifuniko cha boksi siku ile ya penseli. Kisha akamgeukia Nikodemu.

"Wewe unayejua makosa ya kila mtu. Imepungua kiasi gani?"

Kiwanda kilikuwa kimezoea jibu la namna gani lingefuata. Yule mzee wa kalibu alisimama kwenye mlango wa chumba chake, tayari kulichukia.

"Milimita nne," alisema Nikodemu.

"Kuagiza nyingine ni siku ngapi?"

"Tatu," alisema Huizhen.

"Meli ni Jumamosi." Liang alirudisha stika mezani. "Milimita nne si kitu."

Kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano, milimita nne ni sentimita kumi na nne. Nikodemu alilijua hilo, na Huizhen, na yule mzee mlangoni. Liang alilijua kabla yao wote. Hakuna aliyelisema. Liang alikwenda na chai yake nyuma ya rafu.

Nikodemu alivuta boksi karibu. Akaweka stika juu ya kichwa cha habari, akaisawazisha kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni ili isifungie hewa, na jina lake likabaki likionekana chini ya ukingo wa stika. Akaliweka boksi upande wa kushoto, akachukua la pili.

Huizhen alikuwa amesimama nyuma yake, amekunja mikono.

"Ya kwanza umeipinda," alisema.

Alilirudisha la kwanza, akaliinamisha kwenye mwanga. Ilikuwa imepinda, kidogo sana, upande wa kulia. Akaingiza ukucha chini ya pembe, akaibandua taratibu, akaanza upya.